Kabureta za Baba Mkubwa Elia

Juzi nilikuwa natoka sokoni hapa Singida mjini, nikapita kwenye kijiwe cha bodaboda ambapo kijana mmoja alikuwa amefungua kabureta ya pikipiki yake na kuitandaza vipande vipande juu ya gunia. Alikuwa na petroli kidogo kwenye kopo la rangi. Anaosha kipande, anakiinua kwenye jua, anakipuliza kwa mdomo, anatema mate pembeni. Harufu ile ilinifikia kabla sijamwona mwenyewe. Haikuwa harufu ya kituo cha mafuta. Ilikuwa petroli iliyokwisha kukutana na vumbi, na mpira uliozeeka, na mikono ya mtu. Nilisimama na kikapu changu cha vitunguu mpaka kijana akaniuliza, "Mama, nikupeleke wapi?" Nikamwambia siendi popote. Lakini nilikuwa nimeshafika mbali.

Tulikuwa tunakaa Kiomboi, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uwanja mpana mbele. Baba yangu alikuwa bwana shamba. Kazini alizunguka vijijini kwa pikipiki akiwafundisha watu nafasi za kupanda alizeti, na jioni alirudi mwekundu kwa vumbi kama kila mtu. Kilichomtofautisha na watu wengine ni kile kilichokuwa kimeegeshwa chini ya kibanda cha mabati uani kwetu: gari la michezo la zamani, la milango miwili, boneti ndefu, mgongo umeinama, rangi yake ya chungwa lililoiva. Lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi mkubwa akisimama kando yake mlikuwa mnaonana naye uso kwa uso mkiwa mmekaa ndani. Ninyi mliokua miaka ile ya redio za mbao na taa za chemli mnajua magari yaliyokuwa wilayani: lori la kununulia mazao, gari la wagonjwa, gari la mkuu. Hili letu halikuwa la kazi yoyote. Mvua ikinyesha lilikwama. Kukiwa na jiwe barabarani liligonga tumbo. Baba alilipenda hivyohivyo.

Alipewa na kaka yake, baba mkubwa Elia, aliyekuwa akiishi Itigi. Baba mkubwa katika ujana wake alifanya kazi kaskazini na mafundi wa magari ya mashindano, na alipoamua kurudi nyumbani alirudi na gari hilo bovu juu ya lori, akalifufua kidogo kidogo. Ndiye aliyeling'oa kabureta yake ya kiwandani, kile kifaa kinachoichanganyia injini hewa na petroli, akaliwekea mbili za mashindano, kila moja na midomo miwili iliyo wazi kama baragumu. Alipovunjika nyonga na kushindwa kukanyaga klachi, akamwita mdogo wake. Nasikia alimwambia, "Chukua. Ila ujue umechukua mgonjwa wa kudumu."

Na kweli. Kuishi na kabureta zile kulikuwa kama kuishi na mzee mwenye masharti. Asubuhi ya baridi haziamki mpaka uzibembeleze kwa kukanyaga pedali, na ukizidisha zinakunywa mafuta kupita kiasi, plagi zinalowa, mnakaa kusubiri zikauke. Vumbi letu la Iramba lilikuwa adui yao. Baba alimwomba mama soksi zake ndefu za harusi, zile laini za kupitisha mwanga, akakata na kuvika kila mdomo soksi, ili hewa ipite na vumbi libaki. Mama alilalamika wiki nzima, lakini nilimwona akicheka jikoni. Tukiteremka mlima Sekenke kwenda tambarare ya Shelui, gari lililokuwa sawa huku juu lilianza kukohoa kule chini, kwa sababu, alivyonieleza baba, hewa ya chini ni nzito na ya juu ni nyepesi, na kabureta zile zinaonja hewa kama mtu anavyoonja mboga. Basi anasimamisha pembeni, anafungua boneti, anageuza skrubu. Tukipanda kurudi, anageuza tena.

Chombo chake kikuu kilikuwa kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono wake. Gari likiwa limesimama linanguruma, alichomeka ncha moja sikioni, ncha nyingine akaipeleka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, akafumba macho. Halafu ya nyuma. Halafu ya mbele tena. Alikuwa anasikiliza jinsi kila moja inavyovuta pumzi. Zikivuta sawa, gari linatulia, sauti inakuwa nene na moja. Zisipovuta sawa, linatetemeka na kupiga mikwaruzo, na mara nyingine linatema kwa kishindo, pah, kuku wote wa jirani wanapotea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta unyasi wa ufagio. Kile kitundu kidogo cha ndani kinachopitisha mafuta kikiziba, baba hakuruhusu kichokolewe kwa waya. Unyasi tu, au pumzi ya mdomo.

Kwa hiyo baba alipoanza kukohoa, mimi nilijua sababu. Gari lilikohoa kila asubuhi, na baba kila asubuhi aliweka uso wake pale, akapuliza na kuvuta. Ameambukizwa. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliona ni jambo ambalo kila mtu mkubwa analijua tayari. Alikonda, akawa analowanisha shuka kwa jasho, na siku moja mama akaona damu kwenye leso yake. Akapelekwa hospitali ya mbali, nje ya mkoa, akakaa huko miezi. Tuliambiwa anachomwa sindano kila siku. Mimi nilikuwa naenda kibandani, nalitazama lile gari la rangi ya chungwa kwa chuki.

Alirudi mnene kidogo, amenyolewa, anatembea polepole. Kifua kilikuwa kimepona. Mama aliua jogoo. Nilisubiri watu wapungue, nikamwendea alipokuwa amekaa kwenye kiti cha kamba ametazama barabarani, nikapiga goti nyuma ya bega lake.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Nikarudia. Akaendelea kutazama barabara. Mnajua wenyewe kulelewa kwetu. Mtoto akimwamkia mzazi wake na asipate marahaba, dunia inakuwa imepasuka mahali. Nilirudi ndani kimyakimya, nikaanza kujiuliza nimefanya nini. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu mama akanikuta nimesimama mlangoni nalia bila sauti, akanishika mkono akanizungusha mpaka mbele ya baba. "Msalimie ukiwa hapa," akasema. "Akuone." Nikasalimia, baba akatabasamu, akaitikia kwa sauti kubwa isiyo yake, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Nikaelewa kwamba ni adabu mpya: mtu aliyetoka hospitali husalimiwa kwa mbele. Nikawafundisha na wadogo zangu.

Mambo mengine sikuyaelewa. Baba alianza kulalamika kwamba nyumba hii siku hizi kila mtu ananong'ona. "Semeni kama watu," alisema. "Kuna siri gani hapa?" Na mimi nikaamini kuna siri. Nilianza kumchunguza mama, na shangazi aliyekuja kutusaidia, nikitafuta wanachomficha baba. Wageni walisema tangu apone amekuwa na maringo. Unamwita barabarani, anapita. Wakulima walimuuliza jambo kuhusu mbegu, akajibu jambo la mbolea. Mama alikuwa anamjibia watu haraka haraka, kama anayeziba mvujo kwa viganja.

Nilipata kujua kwa sababu ya gari. Jumamosi moja kijana wa gereji ya pale Kiomboi alikuja kuliwasha, maana lilikuwa limelala muda mrefu. Alihangaika, likawaka, akaliacha linanguruma polepole huku akinawa mikono kwenye karai. Baba akatoka ndani amevaa shati safi, akaingia kwenye gari, akafunga mlango, akazungusha ufunguo kuliwasha.

Lilitoa sauti ambayo sijaisahau, ya meno ya chuma yanayosagana na chuma kinachozunguka. Kijana wa gereji aliruka na maji mikononi. "Mzee, limeshawaka! Limeshawaka!" Baba alikuwa ameshikilia ufunguo bado. Anamtazama yule kijana anavyofungua na kufunga mdomo. Halafu akaweka kiganja chake juu ya dashibodi, taratibu, kama unavyomgusa mtu ujue kama amelala. Akausikia mtetemo. Aliachia ufunguo, akakaa vile, hatazami mtu. Mimi nilikuwa kwenye ngazi. Niliiona siri, na haikuwa ya mama.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba dawa ile ya sindano iliyokuwa inaokoa vifua vya watu, baadhi yao iliwachukulia masikio. Wakati ule hakuna aliyetueleza chochote. Baba mwenyewe hakuwahi kutamka. Alisema, "Sema vizuri." Alisema, "Hili joto linaziba masikio." Neno lenyewe hakulisema.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Itigi. Aliuleta mfanyabiashara wa asali, mtu wa ukoo wetu. Alikaa sebuleni na kofia magotini, akamwambia mama, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kwamba kumwambia baba hakufiki. Baba mkubwa Elia ana ugonjwa wa tumbo, madaktari wamemrudisha nyumbani. Hali chakula tena. Ameomba kitu kimoja: mdogo wake aje na lile gari, alisikie mara moja linavyolia.

Mama aliandika kwa chaki kwenye ubao mdogo tuliokuwa tunachezea shule. Baba alisoma, akaufuta kwa kiganja. "Tutaenda Jumapili," akasema.

"Utaendeshaje barabara kuu na hali hiyo?" mama akauliza. Alikuwa amemtazama usoni, anatamka pole pole. Baba aliangalia pembeni, na nadhani aliangalia pembeni makusudi, asione midomo yake. Baba akampa mgongo, mama akarudia. "Nakuuliza, baba watoto. Utasikiaje lori?" Mama alikuwa na mtoto mchanga wa kunyonyesha. Usiku ule nilimsikia akilia chumbani bila kujificha, hakukuwa na haja ya kujificha, na asubuhi aliniita jikoni.

"Utakwenda naye wewe," aliniambia. "Utakaa mbele. Ukisikia honi nyuma, mguse bega hili. Ukisikia gari linakuja kwa fujo, mguse mara nyingi. Usilale njiani. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Nilikuwa darasa la tatu.

Kabla ya safari ilibidi kabureta zisawazishwe. Kijana wa gereji alikataa. Alisema kabureta za namna ile hazijui, ataziharibu, mzee aniwie radhi. Shemeji yake mama, aliyekuwa dereva, alishauri ziondolewe, ifungwe moja ya pikapu, safari iwe ya amani. Baba alitikisa kichwa. Kaka yake hakuomba kusikia pikapu. Basi Jumamosi jioni alilitoa gari uwanjani, akaliwasha, akafungua boneti, akaniita. Akachukua kile kipande cha mpira. Akakishika kitambo. Halafu akakichomeka kwenye sikio langu.

"Ya mbele," akasema, akaingiza ncha nyingine mdomoni mwa kabureta. Nilisikia upepo. "Ya nyuma." Nilisikia upepo. Akaniinulia nyusi. Nilitamani sana niwe nimesikia kitu kingine. Ya mbele ilikuwa kama mama anapopuliza kuni mbichi, na ya nyuma pia kama mama anapopuliza kuni mbichi, labda kwa mbali zaidi, labda kuni nyingine. Niliinua mkono wa kulia nikaushusha. Akageuza skrubu. "Sasa?" Sikujua. Alinipeleka mbele, nyuma, mbele, nyuma, jasho linamtoka, na kila aliponiuliza nilimjibu kwa mikono kitu fulani, kwa sababu aliyeuliza alikuwa baba yangu na alikuwa anangoja. Moshi ulibadilika rangi. Kuna wakati gari lilitulia kidogo, nikaruka kwa furaha, na yeye akaniona nikiruka, akageuza robo zaidi ili liwe zuri zaidi, likaharibika. Hatukuweza kupata tena pale tulipokuwa. Giza lilipoanza kuingia alifunga boneti kwa viganja viwili. "Litatufikisha," akasema.

Tulitoka alfajiri. Mpaka Misigiri lilikwenda kwa kukohoa. Baada ya hapo, kwenye barabara kuu, likapata mwendo na kabureta zikaanza kupiga ule mngurumo wao wa kuvuta hewa, mkubwa, unaojaza gari zima. Ndipo nilipogundua jambo ambalo mama hakulifikiria. Mimi pia sikuwa nasikia. Ndani ya kelele ile lori lingeweza kupiga honi mpaka lichoke. Niligeuka nikapiga magoti kwenye kiti, nikatazama kwa kioo cha nyuma, na hivyo ndivyo nilivyosafiri, uso umeelekea tulikotoka. Nikiona basi linakua, namgusa bega. Anasogea pembeni, basi linapita na upepo wake, gari letu fupi linayumba, na nawaona abiria wakitutazama kutoka juu kwa mshangao. Mawe makubwa ya Singida niliyaona yakiondoka. Ziwa nililiona likiondoka. Ikungi niliiona ikiwa imeshapita. Mara moja lori la ng'ombe lilitokea mbele, sikuliona kwa kuwa nilikuwa natazama nyuma, na baba alikata usukani kwa nguvu nikaangukia mlango. Alinishika goti, akaliachia, akaendelea kuendesha.

Tulipokunja Mkiwa kuingia barabara ya Itigi, gari lilianza kutema. Pah, kimya, pah. Vichaka vya kule ni vya miti mifupi iliyosongamana, mikavu, ya kijivu, ukitazama hupati hata mahali pa kupitisha mkono. Lilizima mara mbili. Mara zote baba alishuka, akavua zile soksi za harusi, akazikung'uta vumbi, akapuliza kitundu, akarudisha. Midomo yake ilikuwa imebabuka kwa petroli. Wauza asali wa kando ya barabara walikuja kutusukuma, wakaliuliza gari maswali kwa kucheka, na baba aliwacheka nao bila kujua wanasema nini.

Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa upande wa pili wa reli, kuta za udongo, bati jipya. Mama mkubwa alitupokea kwa kilio cha kujizuia. Baba mkubwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani. Nilimkumbuka mtu mwenye mikono kama koleo. Mikono ilikuwepo, lakini ilikuwa imelala juu ya blanketi kama vitu vilivyosahauliwa na mwenyewe.

"Shikamoo kaka," baba akasema kwa ile sauti yake kubwa.

"Marahaba. Umekonda," baba mkubwa akajibu kwa sauti ya chini kabisa. Baba aliona midomo ikisogea, akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, nimekuja nalo," akasema. "Subiri usikie."

Alitoka haraka kama mtoto. Akalisogeza gari mpaka chini ya dirisha, akafungua boneti, akaliacha linanguruma, akasimama kando yake ameweka kiganja kwenye bawa la mbele, juu ya gurudumu, anatutazama. Alikuwa anatabasamu. Mama mkubwa alikuwa jikoni. Mimi nilibaki kando ya kitanda nimeshika kikombe cha maji.

Baba mkubwa alifumba macho. Alisikiliza kwa muda. Niliona nyusi zake zinakutana.

"Ile ya nyuma haivuti," akasema. "Inasikika hata kwa kiziwi." Halafu akafumbua macho, akamtazama mdogo wake kupitia dirishani, akamtazama sana. Baba bado alikuwa anatabasamu. "Amosi," akaita. Baba hakugeuza hata jicho. Baba mkubwa akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo. "Amosi! Zima!" Sauti ilimkata, akakohoa, nikamshikia kikombe. Baba kule nje alivutavuta waya wa mafuta kwa mkono, vuu, vuu, kutuonyesha.

"Tangu lini?" baba mkubwa aliniuliza.

Nilitazama kikombe. Hilo neno kwetu halikuwa likisemwa.

"Nakuuliza, mwanangu. Tangu lini baba yako hasikii?"

"Tangu atoke hospitali."

"Na ameendesha kutoka Kiomboi."

"Nilikuwa naangalia nyuma," nikasema.

Alijaribu kuinuka. Alipeleka kiwiko, akainua bega, nyonga ikakataa, tumbo likakataa, akarudi kwenye mto macho yakiwa yamejaa maji. Pale nje palikuwa na skrubu moja tu ya kugeuza, labda robo ya mzunguko. Yeye alijua ni ipi na hakuweza kuifikia. Aliyeweza kuifikia hakuweza kumsikia. Na mimi niliyekuwa naweza kwenda na kurudi nilikuwa na miaka tisa. Aliinua kidole, akakizungusha hewani kuelekea kushoto. Baba aliona, akainama, akashika bisibisi, akatazama dirishani. Kidole kikazunguka tena. Baba akageuza. Injini ilibadilika kidogo, ikawa kama inataka. Kidole kikatetemeka, kikasimama kati, na sikuweza kujua kama kinasema ongeza au kinasema basi. Baba naye hakujua. Alinitazama mimi. Halafu mkono wote ukaanguka juu ya blanketi.

Baba aliendelea kusubiri, ameinama, bisibisi mkononi.

"Nenda," baba mkubwa aliniambia amefumba macho. "Mwambie linalia vizuri. Mwambie kama siku ya kwanza."

Nilitoka. Nilisimama mbele ya baba, ili anione, nikainua dole gumba, nikatamka kwa midomo mikubwa, "Anasema vi-zu-ri. Kama siku ya kwanza." Gari lilikuwa linatetemeka kiasi kwamba fimbo ya boneti ilikuwa inagongagonga. Baba alitazama dole langu. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye bawa. Alikaa hivyo, akisikiliza kwa kiganja.

"Kaka yangu hajui kudanganya," akasema. "Ndiyo maana amekutuma wewe."

Akazima gari. Aliingia ndani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauchukua mkono wa kaka yake akauweka kwenye paja lake. Mmoja hakuweza kusema kwa nguvu, mwingine hakuweza kusikia kwa upole. Mama mkubwa alileta ugali na mlenda, vikapoa. Mara moja baba mkubwa aliinua mkono mwingine akamgusa sikio, akalishika ncha yake kwa vidole viwili kama unavyolishika la mtoto mchanga, na baba hakuondoa kichwa.

Tulilala pale. Asubuhi baba mkubwa alikuwa amesinzia, hatukumwamsha. Hatukumwona tena, tulirudi kwa basi kumzika kabla alizeti hazijaanza kuinamisha vichwa.

Siku ile ya kuondoka, gari liliwaka kwa shida. Tuliaga, tukateremka taratibu mpaka mahali barabara inapovuka reli. Hapakuwa na kizuizi wala mlinzi, ila kibao kilichopinda, na kichaka pande zote mbili kimekuja karibu kiasi kwamba huoni reli inakotoka. Nilikuwa nimeshageuka kwenye kiti changu, tayari kutazama nyuma. Baba alisimamisha. Nikangoja avuke, hakuvuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama vyuma vile viwili vinavyong'aa. Kabureta zilikuwa zinavuta kwa fujo, gari linaruka mahali pamoja. Akazungusha ufunguo, akazima. Kukawa kimya kikubwa.

"Mwanangu," akasema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, karibu ile ya zamani. "Mimi sisikii."

Nilimtazama.

"Sisikii kitu. Shuka, ukasikilize kama linakuja."

Nilifungua mlango nikashuka. Mawe ya reli yalikuwa makubwa kwa miguu yangu. Nilisimama katikati ya vyuma, nikageuza uso upande wa Tabora, nikageuza upande wa Manyoni. Palikuwa na upepo kwenye miti mikavu, na mbuzi mahali fulani, na mlio mwembamba ambao sikujua kama ni wa garimoshi la mbali au wa upepo huohuo, au wa masikio yangu mwenyewe. Nilisikiliza mpaka kichwa kikauma. Baba alikuwa ndani ya gari la rangi ya chungwa amenikazia macho, hanihimizi, anangoja niseme. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza. Nikainua mkono, nikampungia avuke.